Jinsi ya kuokota stori ya mji wa reli wa milimani wakati we unakaa zako Dar

Ukipanda daladala la Gongo la Mboto ukapita juu ya flaiova ya Mfugale, pembeni yako kuna lile jengo kubwa la stesheni ya Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, limekaa kama ukumbi wa harusi iliyoahirishwa. Nimepita pale miaka bila kuligeukia. Na mi ni mtoto wa kota za reli kabisa, nimezaliwa Mlimba, mzee wangu alikuwa mtu wa gengi la kutunza njia ya reli, ila mtu akiniuliza kwetu wapi nilikuwa najibu Morogoro ili yaishe. Kilichonishtua ni msiba wa mzee mwenyewe. Wenzake wa kazini walikaa chini ya turubai pale Yombo usiku kucha wanapiga stori za mahandaki, za Wachina, za treni kushindwa mlima usiku na mvua, na mi mtoto wa marehemu nazunguka na birika la kahawa sijaandika hata mstari mmoja. Wawili kati ya wale wazee nao hawapo tena.

Kwaiyo haya yafuatayo ni namna ya kuifanya hiyo kazi kabla hujachelewa kama mimi. Mfano wangu ni Mlimba mana ndo kwetu, ila njia ni ileile hata kama mji wenu ni mwingine, mradi uliinuka kwa sababu ya treni alafu ukapoa.

Kwanza jua unaongelea reli ipi. Usicheke, siku hizi ukisema reli mtoto wa mjini anawaza ile ya umeme iliyoanza safari za Morogoro Juni 2024. Hiyo ni SGR, upana wake kutoka chuma hadi chuma ni milimita 1,435. Ile ya zamani ya Mjerumani, ya kati, ni milimita 1,000. Tazara ni milimita 1,067, upana mmoja na reli za kusini kwa Wazambia. Hizi namba si mapambo, zinakuambia kwanini behewa la reli ya kati haliwezi tu kuingia reli ya Tazara likaendelea na safari, na kwanini pale Kidatu zinapokutana ilibidi pawe na sehemu ya kuhamisha mzigo. Mzee akikwambia "sisi tulikuwa reli pana" au "wale wa reli ya kati" ujue anagawa ulimwengu wake, usimkatize.

Alafu tengeneza mifupa. Chukua daftari, ukurasa mmoja tu, andika tarehe ambazo hazina ubishi, mana wazee watakuchanganya (na wewe utawachanganya). Wa kwangu upo hivi: makubaliano ya Tanzania, Zambia na China yalisainiwa Beijing Septemba 1967, baada ya wakubwa wa magharibi kukataa kutoa hela wakisema haitalipa. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970. Reli ikafika mpakani Tunduma Agosti 1973, ikafika mwisho wake Kapiri Mposhi, Zambia, Juni 1975, na Julai 1976 Wachina wakakabidhi rasmi. Kilomita 1,860 zote, 975 ziko kwetu. Mkopo wa Wachina ulikuwa yuan milioni 988, hauna riba. Sababu ya haraka yote hiyo ni Rhodesia (Zimbabwe ya leo), Ian Smith wa serikali ya Wazungu kule alijitangazia uhuru wake 1965 na shaba ya Zambia ilikuwa inapita huko kusini kwenda baharini, ndo mana mpaka leo wazee wanaiita Reli ya Uhuru na wanaitamka kwa sauti tofauti kidogo.

Ukurasa huo uwe nao kila unapokwenda. Ni wa kwako, usimsomee mzee.

Sasa mji wenyewe. Ukitaka kujua mji wa reli ulizaliwa kwanini usiutazame mji, tazama kilicho mbele yake. Mlimba iko bondeni Kilombero, mpunga umetanda, joto la kutosha, na mbele yake kuna ukuta. Kutoka hapo mpaka Makambako ni kilomita 150 na ushee na treni inapanda zaidi ya mita elfu moja. Reli nzima ina mahandaki 22, na 18 yamo kwenye kipande hicho kimoja. Lipo daraja la mto Mpanga ambalo nguzo zake zinakaribia mita 50, abiria wa mara ya kwanza wakifika pale huwa wananyamaza kama wako kanisani. Kwaiyo lazima pale chini pawe na watu: madereva wa kupumzika na wa kupokea, mafundi wa kukagua vichwa vya treni kabla ya mlima, gengi za kushinda wakiangalia mataruma na kokoto na maporomoko, stesheni masta, mshika pointi wa kugeuza njia za treni, mpishi, daktari, mwalimu wa watoto wa hao wote. Mlima ndo ulioajiri. Na mlima ulikuwa unasumbua kweli, vile vichwa vya kwanza vya Kichina vilikuwa na nguvu kidogo kwa ile miinuko, mpaka miaka ya 80 vikaja vichwa aina ya U30C vyenye muundo wa Kimarekani. Mzee wangu hakuwahi kuvitaja kwa jina hilo, yeye alisema tu "lile lenye kifua".

Ukishaelewa hapo ndo uende kwa watu, na hapa ndo penye utamu na ndo wengi wanaharibu.

Wengi wanaanza na wazee wa kiume. Mi nakushauri anza na wakina mama. Mzee wa reli ukimuuliza atakupa hotuba, kashaisema mara mia, ina Mwalimu, ina Kaunda, ina Mao, na mwisho ina lawama. Mama aliyekuwa anauza dirishani kwenye behewa hana hotuba, ana hesabu. Jirani yetu mmoja wa zamani sasa anakaa Buza kwa mwanae, nilienda na sukari kilo mbili na sabuni (usiende mikono mitupu), shikamoo, habari za siku nyingi, nikakaa mkekani nikamuuliza tu: mama, ulikuwa unajuaje treni inakuja?

Akacheka. Akasema we mwanangu mi saa nilikuwa sina, saa yangu ilikuwa honi. Ikilia kwa mbali upande wa Chita yeye anaweka chuma cha vitumbua motoni, mchele kashausaga toka usiku, umeumuka, anamimina mafuta kwa kijiko kimoja kimoja, na treni ikisimama sinia la kwanza liko kichwani linatoa mvuke. Abiria wa Mbeya wanamjua, wanamwita dirishani. Anasema alisomesha watoto wawili kwa lile chuma.

Nikamuuliza uliacha lini. Hakunipa mwaka. Akasema honi ikaanza kudanganya. Yaani inasemekana treni inafika alfajiri, yeye kashaumua, inafika jioni, au kesho yake, unga umechacha anamwagia bata. Mara ya kwanza akavumilia, mara ya tano akaacha vitumbua akahamia karanga za kukaanga. Baadaye akahamia ndizi mbichi mikungu, mana ndizi mbichi hata treni ikichelewa siku mbili haina neno. Mwisho akaacha kabisa kwenda stesheni, akawa anauza mafuta ya taa barabarani.

Hapo nikasimamisha kalamu. Vitumbua, karanga, ndizi mbichi, barabarani. Hiyo ndo historia ya Tazara nzima na hakuna kitabu kilichonipa kwa ufupi huo. Toka siku hiyo kila mtu namuuliza alikuwa anauza nini na alibadilisha lini, kwasababu muuzaji akihama kutoka kitu kinachoharibika kwa masaa kwenda kitu kinachokaa siku tatu, ujue ratiba imeshakufa hata kama ofisini bado imebandikwa ukutani.

Maswali mengine yanayotoa vitu: maji ya bomba ya kota yalikatika lini, duka la kwanza kufungwa lilikuwa la nani, nani wa kwanza kuleta pikipiki ya biashara, watoto wa kota waliacha lini kuringa shuleni (hili linachekesha watu na linatoa mengi sana). Swali baya ni "reli ilikufa lini". Ukiuliza hivyo unajibiwa kama redio. Na ishu ya mafao usiianzishe, iache mwisho kabisa, mana ikishafunguka hutapata kitu kingine siku hiyo, na haki yao kulalamika, ila we ulikuja na mambo mengine.

Miaka watu hawaikumbuki kwa namba. Usimbane mzee aseme 1984 au 1986, mpe nguzo za kushika. Vita ya Kagera ni mwisho wa 1978 kuingia 1979. Msako wa wahujumu uchumi ni 1983. Mwalimu kung'atuka 1985. El Nino ni mwisho wa 1997 na mwanzo wa 98, hii kwa watu wa reli ya mlimani ni dhahabu mana mvua wanazikumbuka kwa idadi ya usiku waliolala kazini. Mwalimu kufariki Oktoba 1999. Muulize tu, maji yalikatika kabla Mwalimu hajafariki au baada, anakujibu hapohapo.

Ukishapata ya nyumbani ndo upandishe ya juu yake, sababu kubwa kubwa. Usikubali jibu moja. Mwanzoni mambo yalikuwa moto kweli, 1977/78 reli ilibeba tani zaidi ya milioni 1.2. Lakini angalia kilichofuata: 1979 majeshi ya Rhodesia yakalipua daraja la Chambeshi upande wa Zambia, na mwaka huohuo mafuriko na maporomoko yakaharibu njia. 1980 Zimbabwe ikapata uhuru, na hapa kuna kitu kinaniuma na kunichekesha pamoja, ile reli ilijengwa kwa ajili ya ukombozi wa kusini, na kila nchi ya kusini ilipokombolewa njia zake za kwenda baharini zikafunguka na mzigo wa Tazara ukapungua. Namibia 1990, Afrika Kusini 1994. Ilifanikiwa mpaka ikakosa kazi. Ongeza malori ya barabara ya Tunduma, ongeza vichwa kuchakaa bila spea, ongeza shirika la nchi mbili nusu kwa nusu ambapo kila uamuzi unasubiri mwenzio aamke, mpaka 2014/15 zikabaki kama tani 88,000. Kutoka milioni moja na ushee. Mama wa Buza hajawahi kuiona hiyo namba lakini alishaijua kwenye chuma cha vitumbua miaka mingi kabla.

Hapa sasa nikupe tahadhari ambayo ilinigharimu. Rasimu yangu ya kwanza niliandika reli ikafa na mji ukafa, ikasikika vizuri kwelikweli, nikampelekea mzee mmoja wa Gongo la Mboto aliyekuwa gadi wa treni. Akasoma na miwani yake, akanirudishia, akasema "kijana, Makambako imekufa?" Nikakaa kimya.

Haijafa. Makambako iko juu ya mlima uleule, reli ileile, treni ileile ikichelewa Mlimba inachelewa na Makambako, ila Makambako imekaa njia panda, barabara ya Mbeya inapita hapo na ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Malori yaliyoiua reli ndo yaliyoilisha Makambako. Mlimba ilikuwa na mlango mmoja, na mlango wenyewe ulikuwa stesheni, barabara ya kutoka Ifakara masika ina mambo yake. Kwaiyo usichunguze mji wako peke yake, tafuta ndugu yake kwenye laini hiyohiyo ambaye mambo yake yalikwenda tofauti, uwaweke bega kwa bega. Na hata Mlimba kusema imekufa ni uongo wa mtu anayekaa Dar. Kilichokufa ni mji wa kota, wa mshahara na honi. Mpunga upo. Mradi wa umeme wa Kihansi miaka ya 90 ulipita jirani ukaleta vibarua. Halmashauri ya wilaya siku hizi inaitwa Mlimba.

Hilo utaliona pia kwenye sensa. Tumehesabiwa 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, na kwa mji wa Tazara hii ni bahati mana ya 1967 ni kabla ya reli na ya 1978 ni miaka miwili baada ya kukabidhiwa. Tafuta vitabu vyake, kata yenu ilikuwa na watu wangapi kila mara. Mambo mawili tu: kata zinagawanywa, kwaiyo angalia mipaka kabla hujashangilia wala kulia, na watu kuongezeka si lazima mji uwe umepanda, unaweza kuwa na watu wengi zaidi na mishahara michache zaidi.

Kwa Dar hapahapa sehemu za kwenda zipo. Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi kwa magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa Upanga, na Chuo Kikuu Mlimani maktaba ina chumba cha vitabu vya Afrika Mashariki, ila kokote huko nenda kwanza mikono mitupu uulize mlangoni wanataka barua gani, ndo urudi nayo, usijaribu kubembeleza. Chagua wiki moja, soma gazeti la wiki hiyo lote na matangazo yake, utapata zaidi kuliko kuruka miaka. Alafu nenda makaburi ya wataalamu wa Kichina kule Gongo la Mboto, wako zaidi ya 60, wengi wao walikufa kwenye kazi hii wakazikwa huku. Sisi tulikua tukiita kila kitu "kwa Wachina", kambi kwa Wachina, kisima kwa Wachina, mi nilikuwa sijawahi kuwaza kwamba kuna waliobaki. Nenda kwa heshima, vaa vizuri.

Safari yenyewe ifanye mara moja walau, na uende kwa treni si kwa basi, hata kama basi lina haraka, mana mji wa reli ukiingia kwa nyuma kupitia barabara huuoni ulivyokusudiwa uonekane. Siku na nauli kaulize dirishani mwenyewe, zile picha za ratiba zinazozunguka kwenye simu nyingi ni za zamani. Beba chakula, maji, chaja, tochi, na siku mbili za ziada ambazo hujamuahidi mtu. Mkikaribia Kisaki kaa dirishani mana mnapita pembeni ya hifadhi na tembo saa nyingine yuko hapo hapo. Daftari liwe mkononi kila stesheni, andika tu kinachouzwa dirishani na bei. Mchele bondeni, ndizi, ukipanda mlimani unaanza kuona viazi mviringo, na kule juu ulanzi. Ukifika kwenu shuka, tembea kwenye reli yenyewe pale pembeni na mtu wa hapo, mwambie akuonyeshe nyumba moja moja ilikuwa ya nani na sasa ni ya nani. Chora ramani kwa mkono. Ramani mbaya ya mkono ni bora, mana kila utakayemwonyesha atachukua kalamu akurekebishe.

Na zingatia kwamba stori haijafungwa. 2024 huko Beijing nchi tatu zilisaini makubaliano ya kuifufua reli hii, kwaiyo wazee sasa hivi wana matumaini au wana kejeli, na vyote viwili vinabadilisha wanavyokumbuka. Andika tarehe ya kila mahojiano.

Kuhusu kutunza, hapa nilie kidogo. Nilirekodi wazee saba kwenye simu, simu ikazingua chaji, nikampelekea fundi mmoja Kariakoo, akaniflashia bila kuniuliza. Akanirudishia inawaka vizuri kabisa, safi, tupu. Wawili kati ya wale saba ndo hao niliosema hawapo. Kwaiyo ukitoka kwa mzee, kabla hujapanda daladala, jitumie sauti mwenyewe sehemu mbili, bando lisikuume, na usiku huohuo andika kwa mkono majina ya watu aliowataja, mana majina ndo sauti ya simu inayameza kuliko kitu kingine chochote. Ukitaka kupiga picha ya picha zao za ukutani usiziondoe kwenye fremu, zimeshagandana na kioo, piga ukiwa umesimama pembeni ya mwanga.

Ukimaliza chapisha steshenari yoyote ya mtaani, karatasi za kawaida, maandishi makubwa, saizi kumi na nane hivi, mana macho yao ndo hayo, na acha pembeni nafasi pana ya kuandika. Mpelekee kila uliyemhoji nakala yake kabla hujamwonyesha mtu mwingine yeyote. Yule gadi wa Gongo la Mboto nakala yangu ya pili aliirudisha baada ya wiki tatu, kaijaza kalamu nyekundu kila ukurasa, na palepale juu kabisa kaandika jina la mshika pointi niliyemsahau.